James Madison na milango iliyofungwa ya Philadelphia

Swali la lini chombo cha dola kinaruhusiwa kujifungia na kuwaacha wananchi nje ya mlango ni la zamani kuliko mataifa mengi yaliyopo leo. Nchini Marekani, sheria iliyotiwa saini na Rais Gerald Ford mwezi Septemba mwaka 1976 inazitaka tume na bodi za serikali kuu kufanya vikao vyao hadharani, na inataja sababu 10 tu zinazoweza kuhalalisha kikao cha faragha, miongoni mwao siri za ulinzi wa taifa na siri za kibiashara. Kenya nayo, katika katiba yake ya mwaka 2010, imeagiza kwamba vikao vya bunge na vya kamati zake viwe wazi, na kwamba Spika asiwazuie wananchi wala waandishi wa habari ila katika hali ya kipekee na kwa sababu za msingi.

Hata hivyo, katiba ya Marekani, ambayo imetazamwa na wengi kuwa mama wa katiba za kisasa, iliandikwa ndani ya chumba chenye walinzi mlangoni, na wajumbe wake walikatazwa kusema nje hata neno moja la yale yaliyozungumzwa ndani. Mtu aliyeitetea siri hiyo hadi kufa kwake ni yule yule aliyekaa kila siku akiandika yote yaliyosemwa. Huyo ni James Madison, rais wa nne wa Marekani.

Madison alizaliwa tarehe 16 Machi mwaka 1751 huko Port Conway, katika koloni la Uingereza la Virginia, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto 12. Baba yake alimiliki shamba kubwa katika wilaya ya Orange, ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Montpelier, na lililolimwa na watumwa wa asili ya Kiafrika. Kijana huyo alisoma katika chuo cha Princeton, akahitimu mwaka 1771. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, kimo chake kikikadiriwa kuwa sentimita 163, mwenye afya ya mashaka na sauti hafifu, kiasi kwamba hata karani aliyenukuu hotuba zake alipata shida kumsikia.

Siasa alizianza mapema. Mwaka 1776 alikuwa miongoni mwa wajumbe waliotunga katiba ya kwanza ya Virginia. Mwaka uliofuata alishindwa uchaguzi kwa kuwa alikataa kuwanywesha wapiga kura pombe, kama ilivyokuwa desturi ya wagombea siku zile. Msomaji wa Afrika Mashariki hatahitaji kuelezwa zaidi jambo hilo. Mwaka 1780 alipelekwa katika Bunge la shirikisho la majimbo 13 yaliyokuwa vitani na Uingereza, na huko ndiko alikojionea udhaifu wa muungano wenyewe. Kila jimbo lilikuwa na kura moja, liwe kubwa au dogo, na serikali ya pamoja haikuwa na mamlaka ya kutoza kodi. Iliweza kuomba fedha tu, na majimbo yaliweza kukaa kimya.

Yafaa ikumbukwe kwamba bunge hilo nalo lilikutana kwa siri. Uwazi haukuwa desturi ya zama hizo. Mjini London, magazeti yaliachwa kuripoti mijadala ya bunge kuanzia mwaka 1771 tu, baada ya mgogoro mkali baina ya bunge na wachapaji wa jiji, na hata hapo kwa kuvumiliwa, si kwa haki. Kwa hiyo wajumbe walipokubaliana kukutana Philadelphia mwezi Mei mwaka 1787 ili kuurekebisha muungano, hakuna aliyeshangaa sana kusikia kwamba milango ingefungwa.

Madison alifika Philadelphia tarehe 3 Mei, siku 11 kabla ya tarehe iliyopangwa. Alikuwa amejifungia kwa miezi kadhaa akisoma historia ya mashirikisho ya kale, kwa vitabu ambavyo rafiki yake Thomas Jefferson, balozi wa Marekani nchini Ufaransa, alimtumia kutoka Paris. Mkutano ulifunguliwa tarehe 25 Mei, baada ya akidi kutimia, chini ya uenyekiti wa Jenerali George Washington. Wajumbe 55 kutoka majimbo 12 walihudhuria kwa nyakati mbalimbali. Jimbo la Rhode Island lilikataa kabisa kupeleka mtu.

Tarehe 29 Mei mkutano ulipitisha kanuni kwamba lolote litakalosemwa chumbani lisichapishwe wala kufikishwa kwa mtu mwingine bila ya idhini. Kanuni hiyo ilikwenda sambamba na nyingine mbili. Ya kwanza, kura za mjumbe mmoja mmoja hazikuandikwa kwa jina, bali iliandikwa kura ya jimbo zima. Ya pili, jambo lililokwisha kuamuliwa liliweza kurudishwa mezani na kuamuliwa upya. Hoja ilikuwa moja: mtu aliyejulikana hadharani kuwa amesema hivi leo ataona haya kusema vingine kesho, hata akishawishika kwamba alikosea. Madison aliirudia hoja hiyo hata uzeeni. Mwaka 1830 alimweleza mwanahistoria mmoja aliyemtembelea kwamba lau mijadala ile ingefanyika hadharani, katiba isingepatikana kamwe.

Siri ilitunzwa kwa ukali. Siku moja nakala ya mapendekezo iliokotwa sakafuni. Washington aliwaonya wajumbe wote kwa hasira, akaiweka karatasi mezani na kumtaka mwenyewe aichukue, kisha akatoka chumbani. Mmoja wa wajumbe aliyeliandika tukio hilo anasimulia kwamba hakuna aliyethubutu kuidai. Mitaani, kwa kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja, ulienea uvumi kwamba wakubwa waliojifungia walikuwa wanapanga kumleta mwana wa mfalme wa Uingereza aje kutawala. Uvumi huo ulipozidi mwezi Agosti, magazeti yalichapisha kanusho lililoonekana kutoka kwa wajumbe wenyewe: hawakuweza kusema walichokuwa wakikifanya, lakini waliweza kusema kwamba jambo la mfalme halikuwamo.

Huko Paris Jefferson hakufurahishwa. Madison alimwandikia mwezi Juni kumtajia majina ya wajumbe, lakini akamwomba radhi kwamba zaidi ya hapo mikono yake ilifungwa. Mwezi Agosti Jefferson alimlalamikia John Adams, aliyekuwa balozi mjini London, kwamba mkutano umeanza kwa mfano mbaya wa kuwafunga wajumbe ndimi. Aliwasifu sana wajumbe wenyewe. Alichokataa ni njia waliyoichagua.

Wakati huo huo Madison alikuwa anaandika. Alichagua kiti cha mbele, mkabala na mwenyekiti, ili awasikie wasemaji wa kulia na wa kushoto. Mchana aliandika kwa vifupisho, na baadaye, chumbani kwake, alivijaza vifupisho hivyo vikawa maelezo kamili. Alijivunia baadaye kwamba hakukosa siku hata moja, wala hakuondoka chumbani kwa muda wa kutosha kupitwa na hotuba yoyote isipokuwa fupi kabisa. Karani rasmi wa mkutano alikuwapo, lakini kumbukumbu zake zilikuwa orodha kavu ya hoja na kura. Bila ya Madison tungejua walichokiamua, tusijue sababu zake.

Na je, nini kilifichwa? Sehemu kubwa ilikuwa mabishano ya kawaida ya kisiasa. Madison alitaka mabaraza yote mawili ya bunge yagawiwe kwa idadi ya watu. Majimbo madogo yakakataa, na tarehe 16 Julai, kwa kura tano dhidi ya nne, ikakubaliwa kwamba kila jimbo liwe na kura sawa katika Baraza la Seneti. Alishindwa, na alishindwa pia alipotaka serikali kuu iwe na uwezo wa kuzifuta sheria za majimbo.

Lakini kulikuwa na jambo zito zaidi. Ni Madison aliyewaeleza wenzake kwamba mgawanyiko wa kweli haukuwa kati ya majimbo makubwa na madogo, bali kati ya yale yenye watumwa wengi na yale yasiyo nao. Juu ya mgawanyiko huo yalijengwa mapatano. Katika kuhesabu watu kwa ajili ya viti vya bunge, watumwa watano wangehesabiwa kama watu watatu, ingawa wao wenyewe hawakupiga kura. Biashara ya kuingiza watumwa kutoka Afrika haingeweza kupigwa marufuku na Bunge kabla ya mwaka 1808. Mtumwa akitorokea jimbo jingine, angerudishwa kwa mwenyewe. Madison alipinga kurefushwa kwa muda huo hadi mwaka 1808, akionya kwamba miaka 20 ilitosha kuleta kila dhara lililohofiwa. Alipinga pia kuandika ndani ya katiba kwamba binadamu aweza kuwa mali ya binadamu mwenzake. Matokeo yake ni kwamba neno mtumwa halimo katika katiba hiyo hata mara moja, ilhali watumwa wenyewe walibaki katika minyororo yao. Naye Madison alirejea kwao, ambako watu wapatao mia moja waliishi utumwani.

Tarehe 17 Septemba wajumbe 39 walitia saini, watatu waliokuwapo wakakataa, na vitabu vya kumbukumbu vikakabidhiwa kwa Washington avihifadhi. Kwa wengi hapo ndipo siri ilipopaswa kwisha. Luther Martin wa Maryland, aliyeondoka mkutanoni kwa hasira, alilieleza baraza la jimbo lake mwezi Novemba aliyoyaona, na maelezo yake yakachapishwa magazetini. Madison alibaki kimya na karatasi zake.

Tofauti kati ya Philadelphia na yaliyofuata ni kubwa. Rasimu haikuwa sheria mpaka mikutano ya majimbo iikubali, na mikutano hiyo haikujificha. Huko Richmond, mwezi Juni mwaka 1788, Madison alikabiliana na Patrick Henry, msemaji mkali kuliko wote wa Virginia, mbele ya umati wa wasikilizaji na mpiga hati mkato. Henry na wenzake walikishambulia hata kifungu kinachoruhusu kila baraza la bunge kuficha sehemu ya kumbukumbu zake litakayoona inahitaji siri. Nani ataamua kipi ni siri, waliuliza, kama si wale wale wanaotaka kuficha? Madison alijibu kwamba siri kama hiyo ni ya mambo ya vita na ya mataifa ya nje. Na hakuwa anajitetea tu: kule Philadelphia yeye mwenyewe alikuwa amependekeza ruhusa hiyo iwe finyu zaidi, ihusu Seneti pekee, tena pale tu isipokuwa inatunga sheria. Pendekezo hilo lilikataliwa. Virginia iliikubali katiba kwa kura 89 dhidi ya 79.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hapo ndipo fikra ya Madison inapoonekana wazi. Anayeandaa pendekezo aweza kujifungia, kwa sababu pendekezo halimfungi mtu. Anayetunga sheria kwa jina la wananchi hana ruhusa hiyo. Serikali mpya ilipoanza mwaka 1789, Baraza la Wawakilishi, ambamo Madison alikuwa kiongozi na mtayarishaji wa marekebisho ya haki za raia, lilifungua milango yake kwa wananchi tangu mwezi wa Aprili. Seneti iliendelea kujifungia. Ilikubali kujenga jukwaa la wasikilizaji mwaka 1794, na jukwaa likaanza kutumika mwishoni mwa mwaka 1795.

Mwaka huo wa 1795 Seneti ilikuwa imeujadili kwa siri mkataba na Uingereza ulioletwa na John Jay, na seneta mmoja wa Virginia akautoa kwa gazeti la Philadelphia. Ghadhabu ikazuka nchi nzima. Baraza la Wawakilishi lilipomtaka Rais Washington alete nyaraka za mazungumzo hayo, Washington alikataa, na akatumia silaha ambayo hakuna aliyeitarajia: alizitaja kumbukumbu za siri za mkutano wa mwaka 1787, alizokuwa amezitunza, kuthibitisha kwamba Wawakilishi hawakukusudiwa kuwa na sauti katika mikataba. Madison alikuwa na maelezo kamili kuliko yoyote, na angeweza kuyaleta. Hakufanya hivyo. Alijibu kwamba nia za waliojifungia Philadelphia haziwezi kuwa mwongozo wa katiba. Kilichoipa katiba uhai ni sauti ya wananchi kupitia mikutano ya majimbo iliyoikubali. Hoja hiyo ilikuja kuchukuliwa na mtu ambaye Madison asingemtarajia, nasi tutaifikia.

Mwaka 1809 alikuwa rais. Tarehe 1 Juni mwaka 1812 alipeleka bungeni ujumbe kuhusu vita na Uingereza, na Bunge likajadili kwa milango iliyofungwa. Wapinzani wa chama cha Federalist walidai milango ifunguliwe. Walipokataliwa, wakakataa kushiriki mjadala wa siri, wakapiga kura tu na baadaye wakawaeleza wananchi sababu zao. Baraza la Wawakilishi lilikubali vita kwa kura 79 dhidi ya 49, Seneti kwa 19 dhidi ya 13, na Madison akatia saini tarehe 18 Juni. Vita havikuwa vyema kwake. Mwezi Agosti mwaka 1814 Waingereza waliuingia mji mkuu na kuichoma nyumba ya rais.

Mwisho wa mwaka huo Federalist hao hao waliokuwa wakidai uwazi walikutana Hartford, Connecticut, kwa milango iliyofungwa, kujadili manung'uniko ya majimbo ya kaskazini mashariki. Maazimio yao yalikuwa ya wastani kuliko ilivyohofiwa. Lakini nani angeamini, ilhali hakuna aliyesikia? Habari za amani na za ushindi wa New Orleans zilipofika, mkutano huo ukachukuliwa kuwa njama ya uhaini, na chama chao hakikuinuka tena.

Madison aliondoka madarakani mwaka 1817, akarudi Montpelier. Mwaka uliofuata Bunge liliamuru kumbukumbu rasmi za mkutano wa Philadelphia zichapishwe, nazo zikatoka mwaka 1819. Mwaka 1821 yakatoka maelezo ya Robert Yates, mjumbe wa New York aliyeondoka mapema mkutanoni. Ya Madison hayakutoka. Alikuwa ameazimia yachapishwe baada ya kifo chake. Wakati huo aliyapitia na kuyasahihisha mara kadhaa, na mwanahistoria Mary Sarah Bilder alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 2015 kwamba masahihisho hayo ni mengi kuliko ilivyodhaniwa, na mengine yaligusa maneno ya Madison mwenyewe. Kwa hiyo hata shahidi bora kuliko wote alipata nafasi ya kurudi nyuma na kuurekebisha ushahidi wake.

Alifariki tarehe 28 Juni mwaka 1836, akiwa na umri wa miaka 85, mjumbe wa mwisho aliyekuwa hai kati ya wote waliokutana Philadelphia. Hakumwacha huru mtumwa hata mmoja katika wasia wake. Mwaka 1837 Bunge lilinunua karatasi zake kutoka kwa mjane wake, Dolley, kwa dola 30,000, na mwaka 1840 zikachapishwa katika majuzuu matatu. Siri ilikuwa imedumu miaka 53.

Waliozisoma kwa shauku kubwa ni wapinzani wa utumwa. Kwa mara ya kwanza waliweza kufuatilia, siku baada ya siku, namna watu waliowafundishwa kuwaheshimu walivyopatana juu ya maisha ya watu wengine. Mwaka 1844 Wendell Phillips alichapisha vipande vya maelezo ya Madison kuthibitisha kwamba katiba ilikuwa mkataba wa kuulinda utumwa. Mwenzake William Lloyd Garrison aliichoma nakala ya katiba hadharani huko Framingham, Massachusetts, tarehe 4 Julai mwaka 1854.

Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa na kujikomboa kwa kutoroka, aliwahi kukubaliana nao, kisha akaiacha njia yao. Akihutubia Glasgow, Uskochi, mwezi Machi mwaka 1860, alidai kwamba katiba ni maneno yaliyoandikwa na kukubaliwa na watu, wala si yale yaliyonong'onwa na watu waliojifungia na ambayo hayakuchapishwa ila miaka mingi baadaye. Kama kulikuwa na mapatano ya siri, wananchi hawakuyatia saini. Hoja hiyo ndiyo aliyoitoa Madison dhidi ya Washington mwaka 1796.

Paul Jennings, aliyezaliwa mtumwa huko Montpelier mwaka 1799, alimhudumia Madison kwa miaka mingi na alikuwapo chumbani siku alipokata roho. Uhuru wake aliupata mwaka 1847, kwa msaada wa Seneta Daniel Webster, ambaye alimlipia dola 120 na kumwacha azirejeshe kwa kazi. Mwaka 1865, mwaka ambao utumwa ulifutwa na katiba yenyewe, kumbukumbu zake za maisha ndani ya nyumba ya rais zilitoka kama kitabu kidogo, bila ya yeye kungoja mtu afe kwanza wala kuomba idhini ya baraza lolote.